Mashine Iliyosema Karibu

Nimewapikia chai watu wa ofisi moja hapa Makole tangu jengo lao halijapakwa rangi. Siku moja bosi akaniita, akaniambia kwa upole wa kutisha: "Mama, sasa tunakwenda kidijitali. Mwisho wa wiki utupishe."

Ikaletwa mashine ya kuuza chai. Unaingiza noti, unabonyeza, kikombe kinashuka. Wakaipachika mlangoni mwa jiko langu, makalio yake yakinielekea mimi. Loo, nilikasirika! Mimi mjane wa kutoka Busi, wajukuu wananitegemea, leo nifukuzwe na kabati?

Siku ya uzinduzi ikafika: maturubai, spika, utepe mwekundu. Kabati likagoma. Lilimeza noti, likakoroma, likanyamaza. Bosi akaja jikoni jasho linamtiririka, tai imempinda.

"Mama yangu, tusitiri. Tumefungua mgongo wake. Mgeni rasmi akibonyeza, wewe sukuma kikombe. Ukituokoa leo, hutoki hapa jikoni. Na tafadhali, usikohoe."

Basi nikachuchumaa nyuma ya kabati na birika langu. Huko mbele bosi akahutubia: eti mashine za kuuza vitu zilianzia Misri ya kale, hekaluni, watu wakitumbukiza sarafu na kupata maji ya ibada. Makofi! Nikajiuliza moyoni, na huko Misri nyuma ya kabati alichuchumaa mama gani?

Mgeni rasmi akakata utepe, akabonyeza. Nikasukuma chai ya maziwa yenye tangawizi. Akanywa. Kisha nikamsikia: "Ahsante sana!"

Jamani, mtu akikushukuru unafanyaje? Maneno yakanitoka yenyewe: "Karibu, baba. Sukari imekolea?"

Nikajua nimekwisha. Nikalikumbatia birika, nikafumba macho, nikawaza wajukuu.

"Kumbe inaongea!" mgeni akapaza sauti. "Tena Kiswahili safi! Kila ofisi iwe nayo!" Vigelegele vikalipuka.

Kwa hiyo sikufukuzwa. Hadi leo, kila asubuhi naingia nyuma ya lile kabati, naweka birika jikoni, nangoja wabonyeze. Wanapita wote, hata bosi mwenyewe, na kila mmoja akipokea kikombe anasema ahsante. Miaka yote niliyowapa chai kwa mkono wangu, wakiniona uso, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia neno hilo.