Unga Uliotoka Chumbani kwa Bibi

Mwalimu Silvana hakuwa mtu wa kununua kitu anachoweza kukipata kwa maneno. Chupa tupu za kufundishia aliziomba kwa wauza soda wa stendi ya Sumbawanga, na kila aliyempa alijikuta ameahidi nyingine bila kujua ameahidi saa ngapi. Alizaliwa Laela, akakulia kwenye maghala ya mahindi akifagia na kushona magunia, akajisomesha ualimu kwa vumbi hilohilo. Watu wa namna hiyo hawaamini kitu mpaka wakishike. Alipofika kwenye mada ya maada, aliliambia darasa la tano, "Sitaki kusikia kitabu kimesema nini. Kila mmoja alete unga wowote wa kwao, kidogo tu. Tutayauliza maji."

Ilikuwa Julai, na upepo wa Ufipa unapita kwenye sweta kama haulioni. Watoto walikuja na vifundo vya nailoni: chumvi, unga wa muhogo, majivu, magadi, chokaa. Masharti yalikuwa mawili. Hakuna kuonja. Na hakuna unga kuingia majini kabla mwalimu hajauona.

Kazi ikaanza. Chumvi ikapotea majini, wakabishana kama imekufa au imejificha. Majivu yakagawanyika, mengine juu, mengine chini. Silvana alikuwa ameinama kwenye kundi la mbele alipoitwa kwa shangwe kutoka kona ya nyuma.

"Mwalimu! Ya kwetu yanachemka bila moto!"

Alijua sharti la pili limevunjwa. Akaenda akiwa na karipio mdomoni, na kabla hajafika, karipio likamkauka. Ndani ya chupa maji yalikuwa yakitoa mapovu mfululizo, na chini yake kulikuwa na unga wa kijivu wenye vipande vipande. Harufu ikamfikia: kitunguu saumu kilichochanganyika na samaki aliyevunda.

Harufu hiyo aliijua. Ghalani Laela waliwahi kumkuta mlinzi asubuhi amekufa, amejikunja kati ya magunia, mkono umekumbatia tumbo, na hewa ya mle ndani ilinuka hivyo hivyo.

"Tokeni," alisema. Hakupiga kelele, ila sauti haikuwa yake. "Acheni kila kitu. Tokeni nje, wote, sasa!"

Madawati yakaanguka. Mwalimu Cleophas wa darasa la jirani akachungulia, akicheka. "Leo umetupikia nini tena, mwenzetu?"

"Sumu. Wapeleke watoto upande unakotoka upepo, waite mmoja mmoja, umsikilize kila mmoja anavyopumua. Na mtu asirudi humo ndani."

Cleophas alimtazama usoni, akaacha kucheka.

Silvana akamvuta kando mtoto wa ile chupa. Aliitwa Stumai, mwembamba, msemaji.

"Umeutoa wapi?"

"Nyumbani, jana, Mwalimu. Kwenye kitambaa, katikati ya magunia ya mahindi ya baba. Kuna vidonge vya wadudu, vingine vimeshakuwa unga."

"Magunia yako wapi?"

"Chumbani kwa bibi. Baba anaogopa wezi."

"Bibi analala humo?"

"Yeye na mdogo wangu Beda. Mama yuko Muze, kafuata mchele. Bibi leo hajaamka, Mwalimu. Kichwa kinamuuma tangu jana na anatapika. Baba kasema malaria."

Akamshika mkono, wakakimbia. Njiani Silvana alikuwa akijifanyia hesabu asiyoipenda. Baridi hii, dirisha limezibwa matambara. Mlango umefungwa. Bibi ana miaka yake, mtoto ana miwili. Kila hatua hesabu ilikuwa inakataa kutoka vizuri.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vya kupanga, safu moja chini ya bati moja. Mlango wa bibi ulikuwa na komeo kwa ndani.

"Bibi! Bibi Mariana, shikamoo! Fungua!"

Kimya. Stumai akaanza kulia. Silvana akaweka sikio mlangoni akasikia kitu kama paka anayelalamika mbali, kisha hata hicho kikakoma. Akachukua mchi uliokuwa umeegemezwa kwenye kinu, akavunja kioo cha dirisha na kuyasukuma matambara ndani. Ile harufu ikampiga usoni, akarudi nyuma akikohoa.

Zephania, baba yake Stumai, alikuja mbio kutoka kijiweni kwa madalali, watu wawili nyuma yake. "Mwalimu, unavunja nyumba ya watu?"

"Vuta pumzi hapa nje, uibane, vunja mlango, mtoe mama yako na mtoto. Usisimame humo. Ukiishiwa pumzi toka, uingie tena."

Alitaka kubishana. Macho yake yakaenda dirishani, pua ikamjulisha, na mwanaume aliyeviweka vile vidonge kwa mkono wake akaelewa kila kitu kwa mara moja. Akaupiga mlango bega. Alimtoa mama yake mgongoni, miguu ikiburutika, kisha akamrudia Beda. Mtoto alikuwa ameregea kama kitambaa. Wakamlaza upeponi. Akatapika, akalia kidogo, na Silvana hakuwahi kusikia kilio kizuri kama kile. Bibi hakulia. Alikuwa na jasho la baridi na pumzi fupi fupi, kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala.

Bajaji iliwafikisha hospitali. Nesi aliuliza, kalamu mkononi, "Mama ana nini?"

"Malaria," alisema Zephania.

Silvana akageuka kumtazama. Zephania akamvuta hadi nyuma ya nguzo.

"Mwalimu, niache. Mwaka huu ndiyo nimepata mzigo wa maana. Nikisema ni dawa yangu, mtaa wote utasema Zephania kamtoa mama yake kafara mahindi yapande bei. Unawajua watu wa hapa."

"Nawajua, mimi ni wa hapa. Basi tuuziane. Wewe mwambie nesi ukweli sasa hivi, kabla hawajamtibu ugonjwa asio nao. Maneno ya mtaa nayachukua mimi, kwa jumla. Nitayajibu yote."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa utasemwa, mama yako akiwa hai. Ukikataa utasemwa, mama yako akiwa kaburini. Ipi bei nafuu?"

Zephania alirudi kwa nesi akasema, kwa sauti ya mtu anayejitia hatiani, "Dada, si malaria. Ni vidonge vya magunia. Amelala navyo siku tatu." Nesi aliacha kuandika, akapiga kelele kumwita daktari. Wakamwekea bibi hewa ya mtungi. Daktari hakuahidi kitu. Alisema dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna, wanausaidia moyo na mapafu tu, ngojeni.

Silvana akarudi mtaani kulipa sehemu yake, na woga haukumwacha njiani. Alipofika, uani kulikuwa na wanawake, kanga zimefungwa viunoni, na mazungumzo yakakatika.

Mama Lydia, wa chumba kinachopakana na cha bibi, ndiye aliyeanza. "Mwana kapata mzigo, mama kaanguka. Hiyo hesabu hata asiyesoma anaijua."

"Tena na mtoto," mwingine akadakia.

"Na wewe, Mwalimu," Mama Lydia akasema polepole, "ulijuaje kabla hujafika? Tumesikia darasani kwako maji yanachemka bila moto."

Sumbawanga neno moja likishatoka hivyo, halirudi; litamfuata mpaka kwenye mlango wa shule. Kujitetea kungekuwa kununua kwa bei ya kwanza. Akavuta hewa.

"Nani kakaanga dagaa?"

Wakatazamana. "Mimi," alisema Mama Lydia. "Wa Kipili. Wana nini?"

"Mlango wako umefungwa?"

"Umefungwa, paka wasiingie."

"Kuna anayewaona hao dagaa? Mimi siwaoni, ila nimewala kwa pua tangu nilipoingia uani. Wamepitaje? Nenda kaangalie, Mama Lydia. Usiniamini mimi."

Mama Lydia alikwenda kama mtu anayekwenda kumfumania mwongo. Alifungua chumba chake, akainua uso. Ukuta uliomtenganisha na chumba cha bibi haukufika juu. Kati ya tofali la mwisho na bati kulikuwa na uwazi wa kupitisha mkono.

"Hewa ni kitu," Silvana alisema kutoka nyuma yake. "Inajaza mahali, inabanwa, inapenya. Vidonge vile vikikutana na unyevu vinatoa hewa ya kuua, na haihitaji mchawi wa kuibeba."

Mama Lydia hakugeuka. "Mjukuu wangu kaamka na kichwa," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Nimempa panado nikamrudisha kulala. Humu."

Akaingia mbio, akatoka na mtoto mikononi, anapepesa macho kwa jua, mzima. Wanawake wakaanza kutazama milango yao wenyewe. Kila mlango ulikuwa na kitu nyuma yake, na kila mmoja alijua alichoficha kitandani, uvunguni, pembeni ya kichwa cha mtoto.

"Na mimi ninavyo," mmoja alisema. "Niliambiwa ni vya wadudu tu."

"Magunia nikiyatoa nje yataibwa," mwingine akalalamika.

"Yatatoka tu," Silvana alijibu. "Leo kwa mikono yenu, au kesho yakasagwe ugali wa matanga. Fungueni milango na madirisha kwanza, watoto wakae mbali. Ngojeni upepo upite mpaka harufu iishe. Msimwage maji, na vidonge msivishike. Nimeshampigia bwana shamba aje kuviondoa."

Simu yake ikalia. Ilikuwa ya Zephania. Aliiangalia ikitetemeka kiganjani, hakutaka kuipokea, akaipokea.

"Beda anakula ndizi," sauti ilisema. "Mama bado anapumua kwa shida. Daktari hasemi kitu. Mwalimu, huko wanasemaje?"

Silvana alitazama uani. Milango yote sita ilikuwa wazi, mapazia yanapeperuka, na kina mama wamesimama upande unakotoka upepo, wamewakumbatia watoto, hakuna anayetaja kafara tena.

"Wameogopa," alimwambia. "Kaa na mama yako."