Godoro Lililorudishwa Iringa

Kila nikimwona binti amebeba godoro la chuo, mwanangu, naikumbuka siku niliyoshuka basi pale Uyole na la kwangu begani. Nilikuwa nimefunga virago Iringa bila kumuaga mwalimu hata mmoja. Masomo ya uuguzi nilikuwa nimeyaacha.

Nikueleze kwanza kilichonirudisha, maana nawe unaondoka wiki ijayo na mtoto unamwacha kwa mama yako, kama mimi. Atu wangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Baba yake alikwenda Chunya kutafuta dhahabu akapotelea hukohuko, na hiyo dhahabu sijui kama aliiona. Ada yangu ililipwa na kanisa, watu wakadhani mambo yamenyooka. Ada kila mtu anaiona. Uji wa mtoto, sabuni na dawa ya kikohozi hakuna anayeviona, na kwangu vilitoka kwenye viazi.

Wanawake wa kwetu tulilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Usiposhika jembe kwa mwenzako, kwako haji mtu. Nilipopata chuo, Mama Sekela, mwenyekiti wetu, akasema zamu yangu haifutwi: watanilimia, mama yangu atauza viazi amlee Atu, nami nitalipa kwa mikono yangu kila likizo. Nilikubali mdomoni tu, moyoni aibu ilinila. Darasani nilikuwa nawaza watu wa umri wa mama yangu wameinama kwenye matuta yangu asubuhi ya baridi, na mimi nimekaa kwenye kiti. Niliposikia kwamba Mama Sekela anaumwa mgongo na bado anakwenda, sikungoja zaidi.

Nilikwenda moja kwa moja shambani, na godoro langu. Niliwakuta wanapalilia viazi vyangu. Nikaomba jembe. Mama Sekela akauliza kama chuo kimefungwa, nikamwambia hapana, nimerudi kwa sababu siwezi kula jasho la watu. Akaegemea jembe lake akaniangalia, mimi na godoro.

"Mama Atu, sisi hatujachoka. Aliyechoka kusaidiwa ni wewe. Ukibaki hapa nitapata mkulima, na wakulima ninao. Nesi sina."

Jembe hakunipa. Alinipa viazi vya kuchemsha, nikala huku nalia. Kesho yake walilifunga godoro kwa kamba mpya, wakanisindikiza mpaka barabarani, na Mama Sekela akamwagiza kondakta kwamba huyu asishuke kabla ya Iringa hata akiomba. Likizo ilipofika nililima zamu zangu zote, mikono ikatoka malengelenge. Na nilipokuwa nesi, mgongo ule niliukanda mimi mpaka uzeeni kwake.

Basi nisikilize. Mkopo wa masomo uombe mapema, na usione haya kusema kwamba unalea peke yako. Baba wa mtoto yupo hapo Iyunga na ana kazi, usimwache akwepe wajibu kwa sababu una hasira naye. Nenda ustawi wa jamii matunzo yapangwe. Ile ni haki ya mtoto, wala si hisani kwako. Kitakachopungua uwaambie watu wako, na ukitaje: maziwa, nauli ya kliniki, mtu wa kushinda na mtoto mama yako akienda sokoni. Ukisema tu kwamba hali ni ngumu, watu watakupa pole na kwenda zao. Ukisema maziwa, yupo atakayeyaleta. Yakiletwa pokea, ushukuru, urudi kusoma. Siku ya kulipa itafika, na utalipa.

Mungu akutangulie safarini, amlinde mtoto huku nyuma, akurudishe na cheti chako mkononi. Matuta yako tumeshayatenga, yanapakana na yangu. Mgongo wangu nao siku hizi unauma. Nakwambia mwenyewe mapema, usije ukasikia kwa watu ukashuka Uyole na godoro.