Kitambaa cha Kuondoa Matanga

Mtoto anayekataa kumvalia mama yake kitambaa, je, alimpenda kweli? Swali hilo lilininyima usingizi majuma mengi baada ya kumzika mama.

Kwetu Bukavu, familia ikiondoa matanga, wote huvaa kitambaa cha aina moja, ili watu waone kwamba marehemu alikuwa na watu. Mama aliacha gunia moja la maharage ya shamba lake la Mumosho. Tonton, kaka yake, alitaka liuzwe, tununue kitambaa.

"Weye ndiye ulisoma," aliniambia mbele ya shangazi. "Batu bakikuona na shati ya kila siku, batasema tulizika mbwa."

Mimi hata kuchagua soksi hunimalizia asubuhi.

Lakini maharage hayo yalikuwa na wenyewe. Katika hospitali zetu mgonjwa hula kile ambacho ndugu zake wamemletea. Asiye na ndugu huangalia sahani za wengine. Kila Jumamosi mama aliwapikia hao sufuria kubwa, akaibeba kichwani hadi kule. Kisha akalazwa humo humo yeye mwenyewe.

Siku moja, alipokuwa bado anaweza kumeza, nilimletea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Kwenye kitanda cha pili alilala bibi ambaye hakuna aliyemtembelea. Mama akaniambia nimpatie nusu. Nikasimama na sahani mkononi. Je, muuguzi atakubali? Bibi huyu ana ugonjwa gani? Na mama, atashiba?

Mama akacheka, kikohozi kikamkatiza.

"Mutoto wangu, uko na macho mingi sana. Ya nini yote? Moja inatosha. Angalia tu njaa yake."

Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya jicho lililo taa ya mwili. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba jicho hilo huanza kwa kuangalia sahani.

Nilimpatia bibi. Mama akala nusu yake polepole, kama mtu aliyeshiba tayari. Juma lililofuata, kitanda cha mama kilikuwa na mgonjwa mwingine.

Jumamosi ambayo tonton angemleta mnunuzi, niliamka nikafungua gunia. Shangazi, dada mdogo wa baba, alinikuta nikichagua mawe kwenye ungo.

"Unafanya nini?"

"Ninapika."

"Na kitambaa?"

Niliendelea kuchagua mawe. Alinitazama sana, akaketi, akavuta ungo upande wake. Tonton alipofika, maharage yalikuwa yakichemka. Aliondoka bila kuniaga, na mpaka leo hajanisalimia. Jambo hilo bado linaniuma.

Maharage yalipoiva, nilichukua kitenge cha mama kilichochakaa, bado kina harufu ya moshi wake, nikakisokota kuwa ngata, nikakiweka kichwani. Shangazi akanitwika sufuria.

Kwenye mteremko jirani mmoja aliitania shahada yangu kwa kelele: "Eh, licencié! Diplôme ndiyo hiyo kichwani?"

"Ndiyo, maman. Iko moto, unipishe."

Alicheka, akapisha. Mimi nilikuwa nikilia, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika sufuria, sikuweza kujifuta.

Hospitalini nilianzia kitanda cha mama. Mwanamke aliyelala pale hakuniuliza mimi ni nani. Alinyoosha sahani, nikampakulia.