Barua kwa Gavana, Kupitia Minnesota

Niliondoka Dar es Salaam kwenda Minneapolis kusoma sheria ya nchi yangu. Usicheke. Mimi nilicheka, mpaka mwenyekiti wa kamati aliponitazama juu ya miwani yake, nikajua mwenzangu hatanii.

Mimi ni wakili wa chama cha marubani. Jamaa zangu hudhani kazi hiyo ni ya kuruka huku na huku, kumbe ndege zenyewe naziogopa, nikipanda sala zote nilizofundishwa utotoni hunirudia kwa mpigo. Katikati ya miaka ya tisini rubani mmoja, Kapteni Lugano, mtu mzima aliyekuwa anakaribia kustaafu, alishusha kindege chake kwenye uwanja wa mpira wa kijiji ambacho barabara yake ilikuwa imekatwa na mvua. Palikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, siku ya pili hiyo, mtoto hatoki. Akampakia, akamfikisha hospitali ya mkoa. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, siku ileile akachomoa fomu ya taarifa kwenye mfuko wa nyaraka wa ndege, akaijaza kwa mwandiko wa kupendeza, akaiwasilisha ofisi ya usafiri wa anga. Fomu ilikuwa imebaki tangu enzi za wakoloni. Juu yake ilikuwa imechapwa: Kwa Mheshimiwa Gavana.

Wakubwa wakamfungulia mashtaka mawili. La kwanza, kutua mahali pasipoidhinishwa. La pili, kuidhihaki nchi huru kwa kumwandikia Gavana. Leseni ikachukuliwa siku hiyohiyo. "Nilijaza fomu iliyokuwepo," Kapteni aliniambia. "Nyingine hawakutupa." Kesi ikapelekwa kamati ya leseni, nayo ikimtia hatiani, asingerusha ndege tena maishani mwake, na kazi nyingine haijui.

Sasa sikiliza maajabu. Sheria waliyomshtakia ilikuwa ya wakoloni hao hao, imetungwa London kwa ajili ya makoloni yote kwa mkupuo mmoja, nasi tukairithi pamoja na makabati. Nilikumbuka mwalimu wangu wa sheria akisema kwamba mle ndani mna kifungu kinachomruhusu rubani kutua popote kuokoa maisha. Nikaenda ofisini kwa wakubwa hao kukitafuta. Nakala yao ilikuwa na jalada la mbele, jalada la nyuma, na katikati mchwa walikuwa wamekula wakashiba. Nikaandika London, wakajibu kwamba ombi langu limepokelewa. Ndipo nikamkumbuka Sefu, tuliyekaa naye dawati moja sekondari, aliyekwenda Minnesota kusomea uhandisi, masomo yakaisha yeye akabaki. Wiki haikupita akanipigia simu: kitabu kipo, kwenye maktaba ya sheria ya chuo kikuu, ng'ambo ya mto, kizima.

Nikakimbilia kwa mwenyekiti, nikamwomba akubali faksi. "Hicho ni kivuli cha kivuli," akasema. "Niletee nakala iliyolinganishwa na kitabu chenyewe, yenye muhuri. Nakupa wiki mbili." Basi marubani, ambao wanajuana dunia nzima, wakanitafutia kiti kwenye ndege.

Amsterdam, asubuhi, nilibadilisha ndege nikiwa na suti yangu ya mahakamani na sweta moja. Mzungu mmoja mzee aliyeketi karibu nami aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia Minneapolis. Akaniuliza mwezi gani. Nikamwambia sasa hivi. Akanipa pole kama aliyesikia nimefiwa.

Minneapolis, saa tisa alasiri. Jua linawaka, mbingu haina hata wingu, nikatoka mlangoni nikifurahi. Lahaula! Baridi ilinishika puani nikadhani nimepigwa. Sefu, aliyekuja kunipokea, akanivalisha koti lake kama mtoto anayepelekwa shule. "Karibu, mwanasheria," akasema. "Hapa jua ni la kuangalia tu."

Fridley, jioni hiyo. Sefu anaishi kwenye nyumba za ghorofa karibu na kiwanda anachofanyia kazi. Gari lake alilichomeka kwenye umeme kwa waya, kama pasi, ili asubuhi liwake. Mkewe, Zuhura, alikuwa amepika wali wa nazi na samaki, nikala huku vidole vya miguu vinarudi kimoja kimoja. Binti yao, Rehema, alinisalimia shikamoo safi kabisa, nikamuuliza shule ikoje. "It's fine," akajibu, akamgeukia mama yake: "Why is he wearing Baba's coat?" Zuhura akamkaripia, "Mjibu mgeni kwa Kiswahili!" Mtoto akafikiri, akasema, "Koti." Tukacheka sana, ingawa Sefu alicheka kidogo kuliko sisi.

Jumatano, saa nne asubuhi, maktaba. Msichana wa dawatini alikileta kitabu kwa mikono miwili, akaniambia kwamba katika muda wake pale hakuna aliyewahi kukiomba. Nilikifungua, uti wa jalada lake ukalia kwa upya. Kilikuwa kisafi, kinanukia gundi. Nakwambia kweli, nilipatwa na wivu. Sheria iliyomnyang'anya Lugano riziki yake, kwetu imeliwa na mchwa, huku imetunzwa mahali pa joto na watu ambao hawajawahi hata kutawaliwa nayo.

Kifungu nilikikuta ukurasa wa kulia: hakuna katazo la kutua litakalomzuia rubani kutua mahali popote kwa nia ya kuokoa maisha ya mtu. Nukta. Nikabusu vidole vyangu mwenyewe. Nikapiga nakala ya jalada na ya ukurasa ule, nikafunga kitabu, nikamwomba msichana anigongee muhuri.

"Muhuri gani?" akauliza.

"Wowote. Wa maktaba."

Akaniambia, kwa upole sana, kwamba wao hawagongi mihuri kwenye nakala za watu. Kitabu kipo wazi, anayetaka kuhakikisha aje asome. Nikamweleza kwamba anayetaka kuhakikisha yuko Dar es Salaam. Akaniuliza, kwani hawaniamini? Nikajaribu kumfafanulia kwamba kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia maandazi. Akatabasamu. Nafikiri alidhani ni methali.

Saa nane mchana Sefu akanipeleka Frogtown, upande wa Saint Paul, kwenye ile barabara ndefu ya University yenye maduka ya Wavietinamu na Wahmong kutoka milima ya Laos, ukipita unasikia harufu ya supu hadi ndani ya gari. "Yupo mzee hapa anachonga mihuri," akasema. "Mara moja tu, unaondoka na muhuri wa serikali unayoitaka." Msomaji wangu, sitakudanganya: niliingia dukani nikiwa nimeshakubali moyoni. Mzee alitoa karatasi na kalamu, akaniuliza maneno gani yaandikwe. Kalamu nikaishika. Nikamfikiria Lugano, ambaye angeweza kufuta lile neno Gavana kwa wino asipate shida yoyote, akaona si haki yake kuigusa fomu ya serikali. Mimi wakili wake nachonga muhuri! Aibu ilinipanda hadi masikioni, nikairudisha kalamu.

Mzee aliutazama ukurasa wangu, akatikisa kichwa. Akamweleza Sefu kwamba kwa kazi kama hii watu huenda kwa notari, mtu wa kawaida tu aliyepewa kibali na jimbo kushuhudia nyaraka na kugonga muhuri.

Sefu akapiga paji la uso. "Mama Kemunto! Huyo Mkenya, nesi, anakaa Coon Rapids. Wenzake wote wanampelekea makaratasi yao. Nilimsahau vipi?"

Coon Rapids, saa kumi na moja jioni. Huko bila gari huendi popote, hata kununua chumvi. Mama Kemunto alikuwa ameamka muda si mrefu, anajiandaa kwenda zamu, akatupa chai ya maziwa nzito kabla hajauliza shida yetu. Nikaweka karatasi zangu mezani nikaeleza kisa chote. Alisikiliza, akasoma, akanirudishia.

"Wakili, wacha nikwambie. Hii siwezi ku-stamp."

"Kwa nini, dada?"

"Original iko wapi?"

"Maktaba. Hakitoki nje."

"Basi mimi najuaje kama hii ni copy yake? Nikistamp kitu sijaona, wananinyang'anya commission. Na wako right."

Sefu akajaribu kumlainisha, "Lakini mama, huyu ni mwanasheria."

"Ndiyo maana nataka kuona kitabu," akasema, akavuta buti zake. Kisha akaniona nilivyonywea. "Kesho nikitoka job nitadrive nikupitie Fridley. Ukiwa tayari. Sisubiri mtu."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, aliteremka kwenye gari akiwa bado na sare zake za unesi ndani ya koti, macho mekundu kwa kukesha na wagonjwa. Ndege yangu ilikuwa inaondoka saa kumi. Njia nzima theluji inapeperuka mbele ya kioo, yeye anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha kahawa, nami nafanya zile sala zangu za kwenye ndege.

Maktabani akakiweka kitabu kushoto, nakala kulia, akaanza kulinganisha neno kwa neno kwa kidole, akisoma chini chini. Mara mbili alisinzia, kidole kikabaki palepale, akaamka akaendelea. Alipofika kwenye nukta nikampa kalamu. Hakuipokea. Akafunua ukurasa.

"Na hii ya nyuma?"

"Nyuma ya nini?"

"Ya page, wakili. Kuna maandishi."

Hapa niungame. Miaka yote ya kazi yangu, sheria nimezisoma kwenye karatasi za kudurufu, zilizochapwa upande mmoja. Nyuma ya sheria kwetu ni mahali pa watoto kuchorea magari. Haikunijia kwamba nyuma ya sheria panaweza kuwa na sheria. Nikasoma: rubani aliyetua namna hiyo ni sharti amwandikie Gavana taarifa kabla ya siku ya pili kwisha, na asipofanya hivyo ruhusa hiyo haitamhusu.

Nilisoma mara ya kwanza, nikaona kesi imetuponyoka. Nilisoma mara ya pili, nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha, hadi yule msichana wa dawatini akaja na kidole mdomoni.

"Ni mbaya?" Mama Kemunto akauliza.

"Dada, alimwandikia! Ndilo kosa la pili! Tena wamempigia muhuri wa kupokea!"

"Ungeenda na mbele peke yake?"

"Ningekwenda na mbele peke yake."

"Ungeshindwa," akasema, akapiga mwayo. "Haya, kapige copy ya nyuma." Akaigongea muhuri kila karatasi, akasaini, akaniambia niwahi, njia ya uwanja wa ndege ina barafu.

Dar es Salaam, Jumatatu iliyofuata, kamati ilikaa saa tatu kamili. Mwenyekiti alipokea nakala, akautazama muhuri kwanza, akaupapasa kwa kidole gumba. "Minnesota," akawasomea wajumbe, nao wakaitikia kwa vichwa kwa heshima. Ndipo akasoma mbele, akafunua, akasoma nyuma. Mwanasheria wa upande wa pili alisimama kusema kwamba Gavana sasa asomeke kama Waziri, mwenyekiti akamkatiza: barua ilipokelewa au haikupokelewa? Ilipokelewa, ilikuwa kwenye faili lao wenyewe. Basi sheria imetimizwa, akasema, na mtu hawezi kushtakiwa kwa kutimiza sheria. Kapteni Lugano akarudishiwa leseni yake juu ya meza. Aliichukua, akaifungua kuangalia kama ni yake kweli, machozi yakamtoka bila ya yeye kuyafuta. Mimi nilipongezwa. Uamuzi ukaandikwa kurasa tatu kuhusu siku ya pili, barua, na muhuri wa kupokea, na kamati ikaagiza fomu zote za Gavana zikusanywe zichomwe. Nikauliza zitawekwa fomu zipi badala yake. Wakasema suala hilo litashughulikiwa.

Nilijifunza nini? Nilitaka kukuandikia hapa kwamba nilijifunza kufunua ukurasa, na somo hilo ningelitamba nalo kwa wanasheria vijana. Lakini jioni ileile nilikwenda posta nikampigia Mama Kemunto, maana kule ilikuwa asubuhi, ametoka zamu. Nikamsimulia yote: mwenyekiti alivyopapasa muhuri, mwenzangu alivyokatizwa, kurasa tatu za uamuzi. Nilikuwa na maneno mengi sana.

"Nimefurahi," akasema. "Na yule mama, alijifungua mtoto gani?"

Nikafungua mkoba, nikaanza kupekua faili.

"Haloo? Wakili? Alipona?"

Faili lile nililishika miezi minne. Najua namba ya ndege, urefu wa ule uwanja wa mpira, saa aliyotua na saa aliyoondoka. Kwenye makaratasi yote yale, yao na yangu, mwanamke yule hana hata jina. Kamati haikumuuliza Lugano. Mimi pia sikumuuliza.

"Sijui, dada," nikasema.

"Uliza," akasema.

Nikakata simu, nikashika njia ya kwa Lugano kwa miguu.