Kijiko Kilicholika Upande wa Kulia

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa kanisa mjini Taunton, Massachusetts, unanukia kahawa, na Verna Lachance tayari amegeuza uma kutafuta chapa mgongoni.

"Mbele wameweka maua ya kukupumbaza," anasema bila kuinua macho. "Ukweli uko nyuma."

Verna, 71, alisugua vijiko kiwandani miaka ishirini na sita. Kiwanda kilipofungwa, akahamia kwenye meza hii ya Jumamosi, anawatambulia watu vyombo vyao vya zamani vya fedha na kuwatajia thamani. Anatoza dola kumi kwa sanduku.

Leo amekaa mbele yake Duane Pomeroy, fundi bomba, na sanduku la marehemu bibi yake. Mchana anapeleka vyombo vilivyomo kwa mnunuzi, vikayeyushwe.

"Visu ndivyo vizito, mama. Hapo ndipo penye hela."

Verna anacheka mpaka miwani inamtoka. "Penye saruji, baba! Fedha ni ganda tu, ndani ya mpini wamejaza saruji. Unataka kumuuzia mtu zege?"

"Mungu wangu! Na nilivyovibeba kama mayai!"

Uma na vijiko ni fedha halisi. Neno "sterling", alama ya fedha halisi, limegongwa waziwazi nyuma. Vikiyeyushwa, anakadiria dola mia tisa. Wanaokusanya vyombo vya maua haya watatoa zaidi kidogo.

Kisha anashika kijiko kikubwa cha kupakulia na kukigeuzageuza. Ncha imelika upande wa kulia.

"Vingi hulika kushoto, maana watu hukwangua sufuria kwa mkono wa kulia. Kwenu nani alikuwa mashoto?"

Duane anatua kikombe chake cha kahawa. Alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto.

"Bibi. Shuleni walimchapa, hakuacha. Katika ukoo mzima nimemfuata mimi peke yangu." Machozi yanamlengalenga, na hayafichi. "Uma nitauza, mama, binti yangu anaanza chuo. Vijiko, hapana. Haviyeyushwi."

Akishaondoka, Verna anajicheka mwenyewe. Kabatini kwake kuna seti ya vyombo vya fedha aliyopewa alipoolewa, bado inasubiri wageni.

"Wageni gani hao? Hata padri sijamwandalia nayo!"

Jioni hii anaitoa, aanze kuitumia kunywea supu kila siku.

"Mjukuu wangu akija kurithi kijiko," anasema, "nataka akikute kimelika kwa mkono wangu."