Kamba Kwenye Ukuta wa Kanisa

Mdomo wangu ndio ulionipa kazi. Miaka yote mtaani kwetu, hapa Kolwezi, watu walilalamika kwamba nasema mno. Kisha ikaja kampuni ya ujenzi ikitafuta mtu wa kuzungumza na wakazi, na walalamikaji wale wale wakaninyooshea kidole. Kampuni ilikuwa inachimba mtaro wa bomba la maji, na mtaro ulikuwa umekwama kwenye mwamba pembeni mwa mtaa. Mwamba huo ungepasuliwa kwa baruti Alhamisi moja, saa saba mchana. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza watu jinsi ardhi itakavyotetemeka, na kwa nini kila mtu lazima atoke nje king'ora kikilia.

Nilipewa karatasi. Katika mkutano wa kwanza, uani mwa kanisa, niliisoma yote, pamoja na Kifaransa chake na milimita zake kwa sekunde, kwa sauti ya mtu aliyevaa viatu vipya. Nilipomaliza, jirani yangu, mama anayeuza maandazi kando ya barabara, akainuka.

"Mama, umesema mingi," akasema. "Lakini siye tunauliza kitu moja. Baruti iko kule, nyumba yangu iko huku. Itatetemeka na nini?"

Nikaisoma karatasi tena, polepole zaidi, kana kwamba wao ndio wazito wa kuelewa. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, na nakiri kwamba aliyeistahili hasira ile alikuwa mimi, ingawa siku hiyo niliigawa kwa mtaa mzima.

Kesho yake nilikuwa nakunywa chai, kikombe kikaanza kucheza mezani. Yule mama wa maandazi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua. Mchi wake haukugusa ukuta wangu, wala meza, wala kikombe. Nikacheka peke yangu. Jibu lilikuwa likinipigia hodi kila siku, nami nahangaika na milimita.

Mchana ule nikajitwisha kinu cha marehemu mama yangu, alichokuja nacho kwa treni kutoka Kasaji, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Glasi ya maji naiweka mezani ndani, kinu nakiweka uani, natwanga mara tatu.

"Angalia mayi," nawaambia. "Inacheza. Muchi uligusa glasi? Hapana. Udongo njo ulibeba. Baruti nayo ni muchi, lakini muchi mukubwa. Shusheni masahani, na mutoke inje."

Walielewa kabla sijamaliza. Wengine waliniomba nirudie kwa sababu walipenda kuona maji yakicheza, na mama mmoja alinipa sombe yake yote nimtwangie. Nikamtwangia. Nilijiona profesa.

Kisha nikafika kwa mama wa maandazi. Nilitwanga mara moja tu, na ardhi chini ya kinu ikaitikia kama pipa tupu. Nikasogeza kinu hatua mbili kuelekea uzio. Ikaitikia tena. Tukatazamana.

"Hapa chini iko nini?" nikamuuliza.

"Kitu haiko, mama. Ni makala tu tunaweka."

Makaa gani huwekwa chini ya ua? Nilijua, na mtu yeyote wa Kolwezi angejua. Mtaa wetu umekaa juu ya shaba na kobalti, na wapo wanaume wanaochimba mashimo ndani ya vyumba vyao vya kulala, kwa siri, kwa sababu imekatazwa. Mume wake alikuwa akishuka asubuhi kwa kamba na kupanda alasiri. Huko chini king'ora hakifiki. Alhamisi saa saba, ardhi ingetetemeka naye akiwa ndani yake, na udongo ungemfunika.

Ningemripoti kwa kampuni, wangekuja na polisi na familia ingepoteza nyumba. Ningenyamaza, ningekwenda kukaa matangani kwake nikijua niliyoyajua. Tena hakuwa peke yake. Lakini nani angekiri mbele yangu, mimi mwenye kadi ya kampuni shingoni?

Na nyani haoni kundule. Chumbani kwangu, chini ya kitanda, kulikuwa na shimo. Alilichimba marehemu mume wangu, na homa ilipomchukua nililifunika kwa mbao, nikaweka kitanda juu. Siku ya kuajiriwa niliulizwa kama nyumba yangu ina shimo. Niliandika hapana, nikatia sahihi.

Mkutano wa pili ulikuwa Jumatano. Safari hii alikuja bosi mwenyewe, pamoja na fundi wa baruti, mzee ambaye kazi ilikuwa imemwachia sikio moja tu linalosikia. Niliikunja karatasi nikaitia mkobani. Niliogopa. Ile kazi ndiyo iliyokuwa ikinilisha.

"Batata na bamama," nikasema, "mi nilidanganya. Kwangu, chini ya kitanda, iko shimo. Bwana yangu njo aliichimbaka. Nalala juu yake kila siku. King'ora haifike kule chini. Kesho mutu akiwa mu shimo atakufa, na mi sitaki kulia mutu sababu ya haya yangu."

Bosi aligeuka akanitazama. Kisha mama wa maandazi akainuka.

"Kwangu iko moja," akasema. "Na mwenye kuichimba ni ule anakaa kule nyuma, anaangalia viatu yake."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikafungua mlango. Mkono ukainuka, na mwingine, na mwingine. Baba mmoja alisema kwake yako mawili, mkewe akamsahihisha kwamba ni matatu. Niliandika nyumba moja moja mpaka kalamu ikaniteleza kwa jasho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ile mtaa wetu ulikataa kuumbuliwa. Nilitaka kulia kwa furaha, lakini bosi alikuwa ameshanyoosha mkono akitaka kadi yangu.

Mzee wa baruti akamshika kiwiko. "Patron, miaka yote napiga baruti, hakuna mutu alinionyesha kile iko chini. Huyu mama akienda, mi sipige."

Bosi akaurudisha mkono mfukoni. Mzee akaahidi kupunguza baruti na kuigawa katika mafungu madogo yatakayolipuka moja baada ya jingine, ili ardhi isipigwe kwa mkupuo. Kiongozi wa mtaa akatoa neno lake mbele ya wote kwamba hakuna atakayekamatwa, na kwamba mashimo yatajazwa kwa mawe ya mwamba ule ule. Nani aliyeleta wazo la kamba, tunabishana mpaka leo. Mimi nasema ni mimi. Kila mwenye shimo angeleta kamba yake na kuitundika kwenye ukuta wa kanisa kabla ya saa saba. Kamba ikiwa ukutani, hakuna mtu chini.

Alhamisi kamba zikaja. Kamba za katani, kamba za nailoni, moja ya vitenge vilivyosokotwa. Yangu, ya marehemu, niliitundika ya kwanza, imejaa vumbi. Nilipita na orodha yangu nikiangalia kamba moja moja. Ikapungua moja.

Mama wa maandazi alikuwa amesimama mbali na wenzake. Sikuhitaji kumuuliza.

"Iko chini," akasema. "Alisema anafuata gunia moja ya mwisho, sababu wataijaza shimo."

Bosi akatazama saa. Mzee wa baruti akakalia sanduku la mtambo wake, akakunja mikono. "Tunangojea," akasema.

Tukakimbia. Ndani ya chumba chao mama akapiga magoti mdomoni mwa shimo akaita jina la mumewe, na sauti ikamrudia. Njia ya chini ilikuwa imepinda kuelekea uani, mbali na pale. Akaita tena mpaka sauti ikakauka. Kisha akainua macho, akaona mchi wake umeegemea jiko, akautwaa.

Alizunguka ua akigonga taratibu, akisikiliza, mpaka ardhi ikaitikia kama pipa tupu. Akaifuata sauti ile hatua kwa hatua hadi kwenye uzio. Hapo akaanza: mara tatu, kisha anatulia. Mara tatu, kisha anatulia. Aligonga kwa upole wa mtu anayetwanga karanga, asije akamwangushia mumewe udongo kwa mkono wake mwenyewe. Nikalala kifudifudi na fulana yangu ya kampuni, nikaweka sikio ardhini.

Hakuna kitu. Mara tatu tena. Hakuna kitu. Mara tatu tena.

Kisha ikaja kutoka chini, ndogo sana, kama kucha mezani: mara tatu.

"Njo yeye," nikasema, na nikakaa pale pale kwenye udongo nikilia.

Alitoka mwekundu wa vumbi kuanzia nywele, kamba begani, uso wa mtu aliyejiandaa kugomba. Akamwona mkewe ameshika mchi, akabadili nia. Tulirudi naye kanisani. Alipita katikati ya watu wote akitazama mbele, akaitundika kamba yake mwenyewe. Akina mama wakapiga vigelegele hadi mzee wa baruti akashika lile sikio lake zima.

King'ora kikalia. Ardhi ikanguruma chini ya nyayo zetu, pigo moja, jingine, jingine, kisha ikatulia. Mwamba ulikuwa umefunguka.

Nyumba zote zilikuwa zimesimama. Kwangu kilianguka kikombe kimoja, kile cha chai, ambacho profesa mwenyewe alisahau kukishusha. Lakini kwa mama wa maandazi, ua ulikuwa umebonyea kando ya uzio, pale pale alipokuwa anatwanga. Mumewe alisimama ukingoni akichungulia chini.

"Taa yangu iko mule ndani," akasema.

"Ibaki," mkewe akamjibu.

Mashimo yalijazwa mawe, na la chini ya kitanda changu pia. Kadi yangu ninayo hadi leo, na maji yanatoka bombani, siku zikiwa nzuri. Kamba nyingine zilichukuliwa na wenyewe, au na wasio wenyewe. Ya mume wa mama wa maandazi alikwenda kuichukua mkewe, akaifunga kutoka ukuta wa nyumba yao hadi kwenye uzio, juu ya lile bonde la uani. Huanikia nguo. Kila asubuhi, nikifungua dirisha, naiona imebeba mashati matatu ya mwanamume, yanamngoja mwenyewe ayavae.