Nambari za Kahawa kwenye Barua ya Akina Mama

Mwaka ule sikuweza kukaa kitako. Nikiwa shambani, mkono unachuma kahawa na miguu inataka kwenda. Nikiwa kanisani, kila mara nageuka kutazama nyuma. Huko nyuma kabisa, kwenye benchi la karibu na mlango, ndiko alikokuwa ameketishwa binti yangu. Kanisa letu lilikuwa na desturi hiyo: msichana akizaa kabla ya harusi, anakaa nyuma mpaka wazee waseme basi. Alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ng'ambo ya mto Sagana. Walimu walipoona tumbo walimrudisha nyumbani, na sheria ya shule ilikuwa moja tu: ukizaa, umemaliza.

Mtoto alizaliwa, wa kike, mwenye nywele nyingi. Baba watoto, mume wangu, hakumpiga binti wala hakumfukuza. Alinyamaza tu. Akitaka chai, na binti ndiye ameshika birika, ananiambia mimi, "Mwambie huyo mtu wako alete chai." Afadhali angepiga kelele. Mimi nilitaka jambo moja, binti arudi shule, na sikujua pa kuanzia.

Basi mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu, akasimama baada ya ibada. Akasema tumwandikie mbunge barua, apeleke Bungeni sheria ya kuwarudisha shule wasichana waliozaa. Mchungaji alikuwa bado anakunja joho lake. Akauliza kama sasa akina mama wanataka kubariki dhambi.

"Mchungaji," mwenyekiti akasema, "Mariamu mama wa Yesu angekuwa shule za hapa, si wangemfukuza na yeye?"

Mchungaji akatazama saa yake, akasema hajakataza mtu kuandika barua.

Barua aliiandika mwenyekiti. Kazi ya kukusanya alama za vidole nikapewa mimi, nafikiri kwa sababu walichoka kuniona nikizungukazunguka. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Herufi zilikuwa zikinishinda, lakini tarakimu nilizijua, soko lilinifundisha.

Nilikwenda kiwanda cha kahawa siku ya kupeleka mazao, kwa maana siku hiyo wanawake wote wako pale, wameketi kwenye magunia wakichambua kahawa, nyekundu huku, mbichi kule. Karani akaniazima pedi ya wino. Kila mama anafuta kidole kwenye leso, anakichovya, anagonga karatasi. Kisha namuuliza yeye ni nani, naye ananitajia nambari ambayo kahawa yao huandikiwa pale. Naandika nambari. Hakuna aliyeshtuka. Pale kiwandani hatukuwa na majina. Kidole na nambari huenda pamoja, na nambari ni ya mwenye shamba, yaani mume. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza: kidole changu, nambari ya baba watoto.

"Hii italeta maji?" mama mmoja akaniuliza.

"Hapana. Ni ya wasichana warudi shule."

"Ati wasichana? Niko na watatu. Wacha niweke kidole mbili."

Mwenyekiti aliikunja karatasi bila kuiangalia sana, tukapanda basi hadi Nyeri. Nje ya ofisi ya mbunge nilisimama, nikatembea, nikahesabu mabati ya nyumba ya mbele, mpaka mwenyekiti akaniambia, "Mama, kaa, unanitia kizunguzungu." Hatimaye karani wa mbunge akaipokea barua, tukarudi.

Wiki chache baadaye mbunge akaja kijijini kwetu Gakindu kwenye baraza. Wanaume mbele kwenye viti, sisi nyuma kwenye nyasi. Akazungumzia barabara, akazungumzia maji, halafu akatoa karatasi yetu mfukoni.

"Nimefurahi sana," akasema. "Hii si barua ya akina mama peke yao. Wakulima wenyewe wameweka nambari zao za kahawa." Akaanza kuzisoma.

Wanaume wakageukiana. Kila mmoja wao aliijua nambari yake kuliko siku aliyozaliwa. Mwenyekiti akanifinya mkono. "Wewe, uliandika nini?" Miguu ilikuwa imeshasimama yenyewe.

"Huyu wa kwanza ni nani?" mbunge akauliza. "Asimame tumwone."

Baba watoto akasimama polepole, kofia mkononi. Mtu mmoja akamwambia, "Kumbe wewe ndiye kiongozi wa akina mama. Jumapili utavaa kitambaa chao cheupe kichwani." Wakacheka.

"Mzee," mbunge akauliza, "ni kweli unataka msichana aliyezaa arudi darasani?"

Kimya. Nilikijua kimya kile, nilikuwa nikila nacho kila siku.

"Mheshimiwa, nambari ni yangu," akasema. "Kidole si changu. Ni cha mama watoto."

Kicheko kikazidi. Mbunge akatoa kalamu. "Basi nikate?"

Baba watoto akaitazama ile kalamu. Mpaka leo naamini ni kalamu iliyomkasirisha, wala si huruma. Nambari ile aliipata kwa taabu, kwa safari nyingi za kwenda kwa maofisa wa kilimo, hadithi ndefu ambayo yeye angeisimulia vizuri zaidi.

"Usikate," akasema. "Msichana ni wangu." Akaketi.

Baada ya hapo hakuna mume aliyeomba yake ikatwe. Wengine walikwenda kugombana nyumbani, najua, na mama mmoja hakuniamkia mpaka mavuno mengine.

Sheria haikuja. Mbunge aliondoka na karatasi, na uchaguzi uliofuata akaondoka mwenyewe. Kanisa nalo lilimwacha binti kule nyuma mpaka Pasaka. Lakini shule ya harambee ya hapa kwetu, tuliyoijenga kwa michango, ilikuwa na kamati, na kamati ilikuwa ya wazee walewale waliosomewa nambari hadharani. Baba watoto alimpeleka binti yeye mwenyewe. Mwalimu mkuu akasema hana sheria ya kumkubali. Mzee mmoja wa kamati akamwambia hana ya kumkataa pia, na amwandike upesi kabla mkaguzi wa shule hajaja kukataza.

Kwa hiyo binti alisoma, ila mimi sikutulia. Kila siku saa nne nilikuwa nje ya ua wa shule, mtoto mgongoni, nikingoja kengele. Binti anatoka mbio, ananyonyesha amesimama, anarudi darasani akifunga vifungo. Nikisikia gari barabarani, naingia na mtoto katikati ya miti ya kahawa, nachuchumaa, namtikisa taratibu asilie mpaka lipite. Mengi yalikuwa yakienda sokoni tu. Sikujua gari la mkaguzi lina rangi gani, basi niliyakimbia yote.